Kila Kinachonukia Karafuu

Hapo zamani, katika kisiwa kiitwacho Uvumani, karafuu ilikuwa jambo la nyumbani kama chumvi. Mtoto akizaliwa, baba yake alichimba shimo nyuma ya nyumba akapanda mche wa mkarafuu, na mti ule ukaitwa kwa jina la mtoto yule yule. Ikawa ukipita vijijini utamsikia mama akisema, "Fumu mwaka huu ametoa maua mengi," na mgeni asiyejua mambo akashangaa, maana Fumu mwenyewe amesimama pale pale, anatafuna muhogo.

Mtawala wa kisiwa hicho alikuwa Sultani Muhsini. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda vitu vipya na hakupenda kusumbuliwa. Basi siku moja ikatia nanga merikebu kubwa ya Kumpania, watu wa Ulaya wafanyao biashara ya viungo, na mkuu wao, Bwana Bastiani, akapanda kasri na wachukuzi nyuma yake wamebeba zawadi: vioo, hariri, mafuta ya kupaka ndevu, na kiti cha ajabu ambacho miguu yake imepinda, ukikikalia kinapembea. Sultani akakikalia. Akaletewa kahawa, akapembea, na Bwana Bastiani akaanza kuzungumza habari za karafuu. Kila Sultani alipopembea mbele alikubali neno, na kila alipopembea nyuma alikuwa amekwisha kulisahau.

Kwanza alikubali kwamba karafuu zote ziuzwe kwa Kumpania peke yake. Msimu uliofuata akakubali Kumpania wajenge boma, yaani shamba kubwa lililozungushiwa ukuta, na mikarafuu yote iliyo nje ya ukuta ikatwe, ili karafuu iwe adimu huko Ulaya na thamani yake isishuke. Watu wakaamka asubuhi wakawakuta askari wa Kumpania nyuma ya nyumba zao, mashoka mkononi. Mama mmoja aliukumbatia mti wa binti yake aliyekwisha kufariki, kwa kuwa hakuachiwa kingine cha kukumbatia. Askari hawakumpiga. Walikaa kitako wakamngoja achoke, naye akachoka.

Kisha waliokuwa wakilima mpunga wakapelekwa bomani kuchuma karafuu, na aliyeingia hakutoka mpaka msimu uishe. Vijana wenye nguvu hawakutoka hata msimu ulipokwisha, bali walipakiwa merikebuni wakapelekwa kisiwa kingine cha mbali, ambako Kumpania walikuwa wakipanda kungumanga, kiungo kingine cha biashara yao. Mama zao walipokwenda kasri kuuliza, waliambiwa, "Watarudi msimu ujao." Msimu ujao ukafika, merikebu ikarudi na mapipa matupu na mabaharia wenye kiu, na vijana hawamo.

Na jambo la mwisho alilolikubali Sultani juu ya kiti kile lilikuwa dogo sana, au ndivyo alivyodhani. Mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza: "Sikieni, mlio karibu na mlio mbali. Kila kinachonukia karafuu katika kisiwa hiki ni mali ya Kumpania. Atakayekutwa nacho nje ya boma atapandishwa merikebuni."

Basi katika mji ule alikuwapo mtu mmoja fukara, jina lake Shaame, na watu walimwita Shaame Zuzu. Hakuwa na shamba wala kazi ya kueleweka. Alikula palipoiva chakula na kulala palipomkuta usingizi. Zuzu aliitwa kwa sababu ya tabia yake moja: ukimwambia neno, alilichukua kama lilivyotoka kinywani. Jirani mmoja aliwahi kumwomba amtupie jicho mbuzi wake. Aliporudi akamkuta mbuzi amemaliza kanzu nzuri iliyoanikwa uani, na Shaame ameketi mbele yake, anamtazama bila kupepesa. "Uliniambia nimtupie jicho," Shaame akamwambia. "Kama ulitaka nimtupie na mkono, ungesema." Watu walicheka, wakamdharau, na wakaendelea kumpa chakula.

Aliyempa chakula mara nyingi kuliko wote alikuwa mjane aitwaye Bi Mize. Bibi huyu alikuwa na mtoto mmoja tu, yule Fumu, ambaye alikuwa mpiga siwa wa Sultani, yaani pembe kubwa ipigwayo kasri siku za sikukuu. Fumu alipelekwa bomani kuchuma, akaonekana ana kifua kizuri, akapandishwa merikebuni. Tangu hapo Bi Mize alipika kama zamani, chakula cha watu wawili, na Shaame alikuwa akija kula kile cha pili bila kuuliza kilikuwa cha nani.

Siku hiyo Bi Mize aliumwa na jino. Akatafuta katika mikunjo ya kanga zake za zamani, akapata punje ya karafuu iliyosahaulika humo, akaitia katika jino bovu, maana ndiyo dawa aliyoijua tangu utoto. Akaenda kisimani na shavu limevimba. Askari wa Kumpania aliyekuwa akipita akamsalimu, na bibi, kwa kuwa ana adabu, akaitikia salamu. Ile pumzi ndiyo iliyomponza. Askari akanusa, akamwambia, "Fungua kinywa, bibi." Akachukuliwa, akafungiwa bomani pamoja na wengine wanaongoja merikebu, iliyokuwa ikipakia ili iondoke siku ya Ijumaa.

Shaame alipofika kula akakuta jiko limezimika. Majirani wakamweleza. Shaame akajifuta miguu vumbi, akaenda kasri.

Akamkuta Sultani kitini pake, na Bwana Bastiani ameketi kando yake na leso yenye marashi ya kwao puani, kwa kuwa mzungu yule hakupenda harufu ya nchi. Shaame akainama, akasema, "Maulana, nimekuja kumwombea Bi Mize, mjane wa mtaa wa kisimani. Amechukuliwa kwa ajili ya punje moja iliyo ndani ya jino."

Sultani akamtazama Bwana Bastiani, na Bwana Bastiani akajibu kwa niaba yake, maana alikuwa amekwisha kujifunza lugha ya kisiwa vizuri. "Punje moja au gunia moja, sheria ni ile ile. Leo nikimsamehe mwenye jino, kesho kisiwa kizima kitaumwa meno."

"Kweli, Bwana Mkubwa," Shaame akasema. "Lakini hiyo karafuu ni yenu. Kwa nini msichukue karafuu mkaniachia bibi?"

"Karafuu imo ndani ya bibi. Kila kinachonukia karafuu ni mali yetu."

"Hata kikiwa na miguu?"

"Hata kikiwa na miguu."

Shaame akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejifunza sala mpya. Sultani, ambaye hakupenda mazungumzo marefu, akapembea mbele akasema, "Bwana Bastiani, huyu ni mpumbavu wetu maarufu. Usimkasirikie."

Bwana Bastiani akatabasamu. Alikuwa na jambo lililomkera kila siku: kila apitapo mjini, ijapokuwa miti yote imekatwa, bado alisikia harufu ya karafuu, naye akawa na hakika kwamba anaibiwa. Akasema, "Basi mpumbavu huyu na atufanyie kazi. Sikia, wewe. Ijumaa kabla ya merikebu kung'oa nanga, nitatembea katika mji huu. Nisiposikia harufu ya karafuu popote nje ya boma langu, nitakupa bibi yako. Nikiisikia hata kidogo, utasafiri pamoja naye."

Watu wa baraza wakainamisha vichwa, kwani waliona ni sawa na kumwambia mtu akaufagie upepo.

"Nimekubali," Shaame akasema. "Ila nina maswali, maana mimi ni mzito wa kuelewa. Nikikuta kinachonukia karafuu, nikipeleke wapi?"

"Bomani. Wapi tena?"

"Na walinzi wa mlango hawatanizuia?"

"Mlango utakuwa wazi kwako usiku na mchana."

"Na kikishaingia, ni mali ya Kumpania, na Kumpania watakitunza kama mtu anavyotunza mali yake?"

"Hakuna watu wanaotunza mali kama Kumpania," Bwana Bastiani akajibu.

"Maulana, umesikia?"

"Nimesikia," Sultani akasema, na akapembea nyuma.

Basi Shaame akatoka akaanza kazi siku ile ile. Akaingia nyumba ya kwanza, akanusa kinu, akanusa mchi, akavitoa nje. Akanusa mikeka iliyokuwa ikianikiwa karafuu miaka na miaka, akaikunja. Mwenye nyumba akamwuliza, "Shaame, unanipora mchana kweupe?" Shaame akamshika mkono akaunusa, kisha akaunusa wa pili. "Wewe pia," akamwambia. "Mtoe mkeo na watoto. Chukueni na matandiko, maana sijui tutakaa muda gani."

Mtu yule alitaka kukasirika, kisha akaelewa, akaketi chini kwa kicheko. Na alipokwisha kucheka akaogopa. "Tukiingia humo wasitutoe je?"

"Ndugu yangu," Shaame akasema, "waliokwisha kuingia wanatoka? Nje huku tunachukuliwa mmoja mmoja. Nataka tuone wataifanya nini mali yao ikija yote kwa pamoja."

Neno hilo likatangulia mbele yake, likapita nyumba hata nyumba. Kila mtu wa Uvumani alinukia karafuu, maana harufu ile ilikuwa imeingia katika ngozi zao tangu siku ya kuzaliwa. Mkunga alinukia, na mtoto aliyemzalisha asubuhi ile alinukia. Bwana harusi alinukia, na bibi harusi akaja akinuswa na mama mkwe, ikaonekana amewapita wote kwa kunukia. Wazee wakabebwa juu ya vitanda vyao. Mbuzi, kuku, na punda wa mchota maji wakafuata. Kinyozi alijitetea kwamba yeye anatumia sabuni, Shaame akamnusa nyuma ya masikio akamwambia, "Twende tu, usijitenge na wenzako."

Mlinzi wa mlango wa boma alipouona ule msafara akashika bunduki. "Mnakwenda wapi?"

"Naleta mali ya bwana wako," Shaame akamjibu. "Nusa."

Mlinzi akanusa wa kwanza, akanusa wa pili, akachoka kunusa, akafungua mlango wote.

Basi ikawa kizaazaa. Sakafu ambayo Kumpania walianikia karafuu ikajaa matandiko. Watoto wakafanya mizani ya kupimia magunia kuwa pembea. Jioni ilipofika, watu wakaketi kwa utaratibu mzuri, wakangoja. Bwana Bastiani akachungulia kutoka dirisha la ghorofani la nyumba yake humo bomani, akauliza wanangoja nini.

"Chakula, Bwana Mkubwa," Shaame akamjibu kutoka chini. "Mali yako ina njaa."

"Nani aliyewaleta watu hawa?"

"Wewe, kwa kinywa chako. Na ulisema hakuna watunzao mali kama Kumpania. Kuna mtoto hapa anataka maziwa, na mzee huyu hawezi mchele uliovunjika."

Bwana Bastiani alitaka kuwafukuza, lakini akawaza: akiwatoa, Ijumaa mji utanukia, na yeye ndiye atakayekuwa amevunja sharti mbele ya Sultani. Akaona ni siku chache tu, akaamuru ghala ifunguliwe. Wakala mchele wa Kumpania, wakala samaki wa chumvi waliowekwa kwa safari ya merikebu, wakala hata sukari ya mabaharia. Usiku vichanga vililia kwa zamu, na mbuzi wakapanda ngazi. Asubuhi Bwana Bastiani akashuka macho mekundu, leso puani, akakuta kuku ametaga katika kofia yake.

Kule kasri nako mambo yaliharibika. Sultani aliamka akapiga makofi ili aletewe maji, na hakuna aliyekuja. Mpishi alikuwa bomani, mchota maji bomani, mpiga mbiu bomani. Akapembea kidogo, lakini kiti bila mtu wa kukitazama hakina raha. Mwishowe njaa ikamshika, naye akavaa viatu vyake mwenyewe, kwa shida, akashuka mjini kwa miguu. Mji ulikuwa kimya. Milango ilikuwa wazi na hapana mtu ndani, na nyuma ya kila nyumba palikuwa na kisiki. Sultani hakuwa amewahi kuviona visiki vile. Alipita cha kwanza, akapita cha pili, na baada ya hapo akawa anatazama chini.

Alipofika bomani alimkuta Shaame mlangoni.

"Shaame, watu wangu wako wapi?"

"Maulana, watu wako sijawaona. Humu mna mali ya Kumpania tu." Akamsogelea kwa heshima, akanusa. "Niwie radhi, lakini hizi ndevu zako."

Sultani akashika ndevu. Yale mafuta aliyoletewa zawadi, aliyokuwa akijipaka kila siku, yalikuwa mafuta ya karafuu.

"Una maana gani?" akauliza, ingawa alikwisha kujua.

"Maana yangu ni ile ile ya mpiga mbiu wako. Karibu ndani, Maulana. Chagua mkeka kabla mikeka haijaisha."

Sultani akaingia. Watu wakampisha. Hakupata kuwa karibu nao namna ile, na hakujua pa kuweka macho. Akapita mbele ya kibanda cha wachumaji waliougua, akamwona mtu aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu akiwa amelala ubavu, mguu wake umefungwa kwa gome la mti. Sultani akamwuliza ameanguka lini. Mtu yule akasema, "Msimu uliopita, Maulana. Wakati ule uliposema tukichuma kwa bidii tutarudi nyumbani." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejibu swali.

Akafika penye chumba cha kufuli, na nyuma ya nondo alikuwapo bibi mmoja mwenye shavu lililovimba.

"Wewe ni nani, mama?" Sultani akauliza.

"Mimi ni mama yake Fumu, aliyekuwa akikupigia siwa."

Sultani akakumbuka kwamba siku za sikukuu zilizopita siwa haikulia, na aliuliza, akaambiwa mpigaji amesafiri, naye akaridhika. "Bado hajarudi?"

"Ulituambia msimu ujao," Bi Mize akasema. "Tukaja tena, ukatuambia msimu ujao. Tukaona aibu kukusumbua mara ya tatu."

Wakati huo Bwana Bastiani alikuwa akija mbio, manyoya ya kuku mabegani. Sultani akamgeukia, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Bwana Bastiani, vijana niliokupa, watarudi lini?"

Bwana Bastiani akastaajabu. "Kurudi? Katika makubaliano yetu hapana neno la kurudi."

"Wako hai?"

"Walio hai wako hai. Kisiwa cha kungumanga hakina hewa nzuri. Ndiyo maana kila msimu nakuomba wengine."

Watoto wakashuka katika mizani. Sultani akatafuta mahali pa kushika, akashika nondo za chumba kile, na Bi Mize, ambaye alikuwa ndani, akauweka mkono wake juu ya mkono wa Sultani.

Bwana Bastiani hakuelewa kwamba jambo lolote limetokea. Alikuwa hajalala, ghala yake ilikuwa inakwisha, na mbuzi mmoja alikuwa amemshika ncha ya joho. Akapaza sauti, "Maulana, nimeshindwa na upuuzi huu. Amri yangu naivunja. Huyo bibi mchukueni, na hawa wote watoke. Sitaki kukiona humu bomani chochote kinachonuka karafuu. Toeni vyote."

Shaame akasogea mbele kwa upole. "Samahani, Bwana Mkubwa. Umesema kinachonuka, au kinachonukia? Katika lugha yetu ni maneno mawili."

"Kinachonuka, kinachonukia, vyote, vyote. Toeni nje, msiniulize tena."

"Maulana, umesikia?"

Sultani akaziachia zile nondo. Akamtazama Shaame muda kidogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalisikiliza neno mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema. "Watu wote wamesikia. Fanyeni kama alivyoamuru."

Basi Shaame akawageukia watu. "Mmesikia amri. Kila kinachonukia karafuu kitoke."

Wakainuka. Kwanza wakamtoa Bi Mize na wote waliofungiwa pamoja naye, kwani walinukia. Wakawatoa wachumaji waliougua, wakiwabeba na mikeka yao. Kisha wakaingia katika ghala kubwa, wakaanza kutoa magunia ya karafuu.

Bwana Bastiani akasimama mlangoni akanyoosha mikono. "Hayo siyo. Hayo ni magunia yangu."

Shaame akaweka gunia moja chini mbele yake, akalifungua. "Bwana Mkubwa, pua yangu ni ya maskini, huenda imekosea. Nusa wewe. Ukisema hayanukii karafuu, tutayarudisha ndani."

Bwana Bastiani akainama, akanusa, akainuka, akashusha mikono, maana hata kipofu aliyekuwa nje ya ukuta angejua ni karafuu. Magunia yakapita. Ikapita miche iliyokuwa katika vitalu, kila mtoto kakumbatia mmoja. Mabaharia waliokuwa wakipakia mizigo wakaambiwa na yaliyo merikebuni yananukia, wakayashusha, kwa kuwa nao walikwisha kukosa samaki wao na hawakuwa na hamu ya ubishi. Mwishowe mlinzi wa mlango akajinusa kwapa, akaegemeza bunduki yake ukutani, akasema, "Hata mimi," akachukua kikapu akatoka.

Ndipo Bwana Bastiani naye akashika njia ya mlango ili awafuate. Shaame akamzuia. Akamnusa begani, akamnusa mikononi, akazunguka akamnusa mgongoni, huku watu wakitazama.

"Wewe baki, Bwana Mkubwa," akasema. "Wewe hunukii karafuu hata kidogo. Yaonekana hujapata kuishika."

Hapo Sultani akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukatika upesi, na waliokuwa karibu hawakuweza kusema ni wapi kicheko kilikwisha na kilio kikaanza.

Siku ya Ijumaa merikebu ikaondoka nyepesi, na Bwana Bastiani ndani yake, maana Sultani alimwambia kwamba makubaliano yao yametimia kwa maneno yake mwenyewe, na kwamba hapana tena chakula cha kumlisha. Ikasemekana kwamba Kumpania walikuja tena baadaye, kwani wafanyao biashara hawakati tamaa, lakini walikuja sokoni kama wanunuzi wengine, wakangoja zamu. Sultani akapeleka wajumbe wake mpaka kisiwa cha kungumanga kuwatafuta vijana. Wachache wakarudi. Wengi hawakurudi, na Fumu hakuwamo miongoni mwa waliorudi.

Habari hizo zilipofika, Sultani akamwita Shaame kasri. "Shaame," akamwambia, "sikukupa zawadi siku ile kwa sababu ya aibu. Leo omba utakalo. Nyumba, shamba, joho la baraza, chochote."

Shaame akafikiri. "Maulana, mimi nyumba nitaipoteza na shamba litanitaka kulima. Nina ombi moja dogo. Kuna mama wengi hapa mjini ambao bado wanapika chakula cha watu wawili. Uliwaambia msimu ujao. Nataka uende wewe mwenyewe, usimtume mtu, ukawaambie kweli."

Sultani akasema, "Omba jingine."

"Sina jingine, Maulana."

"Nitasema nini nikifika?"

"Hilo sijui. Mimi ni mpumbavu. Lakini nitafuatana nawe."

Wakashuka pamoja kwa miguu, mchana watu wakiwaona, hata wakafika mtaa wa kisimani, mbele ya nyumba ya Bi Mize. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Sultani akasimama kizingitini, hakusogea mbele wala hakurudi nyuma, na Shaame akaona kwamba kuna jambo linalomsumbua zaidi ya huzuni.

"Maulana, kuna nini?"

Sultani akajibu kwa sauti ndogo, "Sijapata kupiga hodi mlangoni pa mtu. Inakuwaje?"

Shaame hakucheka. Akamsogelea sikioni, akamfundisha. "Unasema hodi. Kisha unangoja. Ukiambiwa karibu, unavua viatu, unaingia. Usipoambiwa, unangoja tena."

Basi Sultani akavua viatu kabla ya wakati wake, akavishika mkononi, akasema hodi. Akangoja.

Mimi msimuliaji nimeishia hapo nje pamoja na Shaame. Yaliyosemwa ndani ni ya mama yule na ya yule aliyeingia.